Kipimo cha Ndevu za Mwenyekiti

Kiputo kilikuwa kimekwama katikati ya mpira wa maji, na Timotheo Kihwele hakuwa tayari kupima kitu chochote mpaka kitoke.

"Nyanyua upande wako, nesi," alisema. "Polepole. Usiyamwage."

"Nimenyanyua mpaka kwapa linalia," Nesi Faustina alijibu kutoka upande wa pili wa zahanati. "Kwani kiputo kimoja kina kosa gani?"

"Kinadanganya."

"Basi kimefika kwao."

Timotheo aliupigapiga mpira kwa kidole. Kiputo kikajivuta, kikapanda kwa kuyumba kama mlevi anayetafuta kwake, kikapasukia nje. Ndipo alipochora mstari wa chaki ukutani.

Mpira ulikuwa wa kawaida, mita ishirini, mwangavu, wa aina wanayotumia waashi kusawazisha msingi. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, na hata pakiwa na nyumba nzima katikati, maji ya ncha zote mbili yatasimama kimo kimoja. Maji hayana ndugu wala chama. Timotheo alifundishwa kuutumia na fundi mwashi wa Kihesa, mjini Iringa, enzi hizo yeye akitengeneza redio. Mengine ya upimaji alijifundisha kwa vitabu vya kuazima na kwa makosa yake, ambayo hakuyaazima kwa mtu.

Sasa alikuwa na mkataba wa wiki sita na kampuni ya ushauri yenye ofisi Uyole, kule malori yanakoingilia Mbeya. Kazi yake ilikuwa kupima jinsi vituo muhimu vya kisiwa vilivyo wazi kwa majanga. Kisiwa chenyewe kilikuwa Mwalubambo, kijiji cha Wasukuma wafugaji na wakulima wa mpunga katikati ya bonde la Usangu, na mtu aliyefika hapo mwezi wa Novemba angeweza kucheka. Maji hayakuwapo. Palikuwa na vumbi, miiba, na mitumbwi mitatu iliyolala juu ya majani makavu kama wageni waliokosea siku ya harusi. Lakini mvua zikishika, mto hupoteza adabu, ukakizunguka kijiji pande zote, na tangu Februari hadi Aprili haingii mtu wala hatoki ila kwa mtumbwi.

Fomu aliyopewa ilitungwa na watu waliojua visiwa vya baharini tu. Iliuliza kuhusu kimbunga. Iliuliza kuhusu tsunami. Iliuliza umbali kutoka ufukweni, na Timotheo, ambaye hakupenda kuacha kisanduku kitupu, aliandika: *zaidi ya kilomita mia tano*.

"Tsunami ikifika hapa," Faustina alisema, akichungulia, "Dar es Salaam itakuwa imetangulia mbele za haki."

"Hakuna kisanduku cha hilo."

Alikwisha kupima shule, kisima, ghala la mpunga, josho na mnara wa simu. Hivyo havikumsumbua mtu. Kilichobaki ni zahanati, na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Fedha za kujenga wodi ya wazazi zilikuwa tayari, na kipimo cha Timotheo ndicho kingesema ijengwe wapi. Kama mafuriko ya masika ya mwaka juzi, makubwa kuliko yote yanayokumbukwa, yalifika chini ya mita moja juu ya sakafu ya zahanati, wodi ingejengwa papo hapo. Kama yalizidi mita, itafutwe sehemu nyingine kavu ndani ya kisiwa. Na kama sehemu kavu haipo, wodi iende ng'ambo, kando ya lami, kilomita kumi na nne. Mwezi wa tatu kilomita kumi na nne za Usangu kwa mtumbwi ni safari ambayo mwanamke mwenye uchungu huianza akiwa mmoja na kuimaliza wakiwa wawili, au asiimalize.

Faustina alikuwa amehamishiwa hapo Juni tu. Alikuwa mtu wa Tosamaganga, na mafuriko ya Mwalubambo aliyasikia kwa watu. Wodi yake kwa sasa ilikuwa pazia la kitenge na kitanda kimoja.

"Mimi sitaki makuu," alimwambia Timotheo. "Nataka chumba chenye mlango, na sakafu isiyoogelea."

Swali lilikuwa moja tu, basi: maji yalifika wapi? Na swali hilo Timotheo alikuwa ameliharibu mwenyewe siku ya kwanza, kabla hajafungua tepu.

Aliliharibu kwa adabu. Kwenye mkutano wa kijiji, alipopewa nafasi ya kujitambulisha, alisimama na kusema kwa sauti yake ndogo kwamba yeye ni Timotheo Kihwele, Mhehe wa Iringa. Angesema tu ni mtumishi wa kampuni, mambo yangekwenda vizuri. Lakini Mhehe na Msukuma ni watani, na mtani akijitaja mwenyewe mbele ya mkutano amejivua nguo.

"Mhehe!" alipiga kelele Apolonia, mama muuza pombe ya komoni, akisimama juu ya kigoda. "Fungeni mbwa!"

"Wangu wamekwishakimbia," alisema Katekista Joachim. "Walinusa gari tangu barabarani."

"Karibu, mtani," watu walisema, wakimpa mikono kwa zamu. "Hapa ukilala njaa ni kwa kiburi chako, mbwa tunao."

Timotheo alijibu kama ilivyompasa, kwamba amefurahi kufika kwa watumwa wa babu yake, waliotoroka na ng'ombe wa ukoo. Mkutano ukalipuka. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Maganga, mtu mrefu mwenye fimbo na ndevu nyeupe zilizochongoka, pekee mwenye ndevu za maana kisiwani kote, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamtazama mgeni yule na tepu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tangu hapo Timotheo hakupata jibu lisilo na mkia. Alipita nyumba kwa nyumba, akiuliza polepole, mtu mmojammoja, kama alivyojizoeza. Daftari lake alilipiga mstari katikati. Mkono wa kulia aliandika *Majibu*. Mkono wa kushoto, kwa sababu hakuwa na tabia ya kutupa kitu kabla hajakijua, aliandika *Utani*.

Upande wa majibu uliingia watu wazito. Mzee Maganga alisema maji yalifika gotini. Katibu wa kijiji alisema kwenye kifundo cha mguu. Mwalimu mkuu, aliyevaa tai ili kulijibu swali hilo, alisema hayakuingia kabisa, yalipita mlangoni kwa heshima.

Upande wa utani uliingia wengine wote.

"Nyumbani kwangu," Apolonia alimwambia, akikoroga pipa, "kambare walipita dirishani bila hodi, wakashukia humu kwenye komoni. Walikunywa siku mbili. Hawakulipa. Nadhani walikuwa Wahehe."

Katekista Joachim alimwonyesha kigango chake cha mabati. "Mbuzi wangu alipanda altareni kuomba hifadhi. Alisimama pale juu, maji yakambatiza mpaka tumboni. Padri alipokuja Pasaka aliniuliza kama ameungama. Nikamwambia, baba, alichelewa, alikuwa anamkimbia Mhehe."

Na siku ile ile, hapo kwenye baraza la zahanati, alikuja Nyamizi, mke wa mtoto mkubwa wa Mzee Maganga, kumpima uzito mtoto wake Mabula. Alikuwa na mimba ya pili, miezi mitano. Baba mkwe wake alikuwa ameketi kwenye benchi. Nyamizi alipiga magoti mbali, akamwamkia huku akitazama ardhi, kisha akaenda kukaa nyuma ya nguzo, maana mke wa mtoto hakai na mkwe wake, hambishii, wala hamtaji jina.

Timotheo alimwuliza swali lake.

Nyamizi alicheka kwanza. "Andika, mtani. Maji yaliingia humu zahanati, yakamnyoa mtu mmoja ndevu akiwa amesimama mlangoni, na sanduku la chanjo kichwani. Simtaji. Mimi jina lake silijui."

Baraza zima likaanguka kicheko. Mzee Maganga alitazama fimbo yake. Timotheo alitabasamu, akaandika upande wa kushoto: *ndevu*.

Sasa ilikuwa siku ya pili, na gari la kumrudisha lingefika kesho mchana. Alikuwa amekwisha kuchora mstari wa sakafu kuzunguka zahanati yote, na hakuwa na namba ya kuweka juu yake. Akapiga simu Uyole.

"Una majibu matatu," alisema bosi wake, Rabson. Nyuma yake lori lilikuwa likipiga honi kana kwamba lina madai ya urithi. "Yote yako chini ya mita. Tatizo lako nini?"

"Hayalingani, bosi. Goti, kifundo, na sifuri. Ni ukuta ule ule."

"Chukua wastani."

"Wastani wa watu watatu wanaodanganya ni uongo wa nne."

"Timotheo, ndugu yangu. Ramani ya wodi imekwishachorwa pale pale zahanati. Andika goti. Goti ni kiungo kizuri. Kesho uje na fomu."

Simu ikakatika. Timotheo hakukasirika. Rabson hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa Ijumaa, anayetaka kazi iishe tu. Timotheo alikaa kwenye benchi, akalifungua daftari, akaliangalia goti kwa muda. Kisha, kwa sababu hakuwa na kingine cha kuangalia, akaangalia upande wa kushoto.

Alisoma mara moja. Akasoma tena. Akachukua tepu na mpira.

"Nesi," aliita, "una nusu saa?"

"Nina mgonjwa mmoja na amelala."

"Twende tukapime dirisha la pombe."

Walikwenda kwa Apolonia. Kizingiti cha dirisha lake kilikuwa mita moja na sentimita ishirini kutoka sakafuni. Wakasogeza mpira ukuta kwa ukuta, kigingi kwa kigingi, mpaka zahanati, na ikaonekana kwamba sakafu ya Apolonia, iliyokaa juu ya kichuguu kilichobomolewa, ilikuwa juu ya sakafu ya zahanati kwa sentimita thelathini. Timotheo akaandika: *Kambare: 1.50*.

Walikwenda kigangoni. Altare ilikuwa sentimita tisini na tano. Joachim alishangaa kuombwa mbuzi, lakini alimleta, na mbuzi akapimwa kutoka kwato hadi tumboni akiwa ameshikwa pembe na nesi wa serikali. Arobaini na tano. Sakafu ya kigango ilizidi ya zahanati kwa kumi na mbili. *Mbuzi: 1.52*.

Faustina alitazama namba mbili zile, kisha akamtazama yeye.

"Watu wazito wamepishana," alisema taratibu, "na wahuni wamekubaliana."

"Hawakukaa pamoja, niliwauliza kila mtu kwake."

"Kwa hiyo maji yalizidi mita moja na nusu. Humu. Kitandani kwangu."

"Bado. Nina mashahidi wawili, samaki na mbuzi. Sijampata wa tatu."

Akafunga daftari, wakaondoka kwenda kwa mwenyekiti.

Mzee Maganga alikuwa ameketi nje ya mji wake, yaani kaya yake, akisokota kamba ya katani. Wazee wawili walikuwa naye, wakitafuna karanga. Nyamizi alikuwa mbali kidogo, akipepeta mpunga, mgongo kwa mkwe wake. Nyuma ya nyumba, ardhi ilipanda polepole mpaka kwenye zizi la ng'ombe, na Timotheo, aliyekuwa amepita hapo mara nne, kwa mara ya kwanza aliona kwamba inapanda.

"Mwadila, mzee," alisalimu.

"Mwadila, mtani. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kukupima ndevu."

Wazee waliacha kutafuna. Mzee Maganga aliacha kusokota.

"Nini?"

"Ndevu. Kutoka sakafuni, ukiwa umesimama mlangoni mwa zahanati. Kisha nitakuacha."

Kama mpimaji wa kampuni angesema hivyo, angeambiwa alete barua. Lakini hili lilikuwa limetoka kinywani mwa mtani, na mtani hakatazwi mwili wa mtani wake, akiwa hai wala akiwa maiti. Kukataa kungekuwa kununa, na Msukuma aliyemnunia Mhehe hukumbushwa jambo hilo mpaka kwenye arobaini yake. Mzee mmoja akaanza kucheka kwa puani. Maganga alijua amekamatwa. Alisimama, akakung'uta suruali, akatangulia njia kwa hatua ndefu kama mtu anayekwenda mahakamani kwa hiari yake.

Kabla hawajafika zahanati walikuwa watu arobaini. Apolonia alikuja na kata ya komoni. Joachim alikuja, na mbuzi akaja, maana sasa alijiona ni sehemu ya kazi.

"Vua viatu," Timotheo alisema.

"Siku ile nilikuwa na viatu," alisema Maganga, na papo hapo akauma ulimi. Kicheko kilichotoka hapo kiliamsha mgonjwa wa Faustina.

Alisimama kwenye fremu ya mlango, wima, kidevu mbele. Timotheo alishusha tepu kutoka nchani mwa ndevu hadi kwenye saruji. Aliinama kusoma, akasoma tena kwa jicho lingine.

"Mita moja na sentimita hamsini na mbili."

"Sawa na mbuzi!" alipaza sauti Joachim. "Mwenyekiti, mmebatizwa pamoja!"

"Kambare walikuwa chini kidogo," Apolonia alisema, "lakini hao walikuwa wamelewa."

Mzee Maganga alisubiri kicheko kiishe. Kilichukua muda. Kisha akaketi kwenye kizingiti, na alipozungumza hakutumia sauti ya mkutanoni.

"Mtani, kaa."

Timotheo akakaa.

"Mimi nimehamishwa mara mbili. Kwanza nikiwa na mke mmoja, kisha nikiwa na wake wawili na ng'ombe tisini. Mara zote mbili alianza kuja mtu mpole mwenye tepu. Anapima, anashukuru kwa maziwa, anaondoka. Halafu linakuja lori. Kwa hiyo ulipofika, tulikaa kikao. Tukakubaliana tuseme maji yalikuwa kidogo."

"Mkasahau kukubaliana ni kidogo kiasi gani."

"Mwalimu alizidisha," Maganga alikiri. "Nilimwambia kidogo, yeye akayakausha kabisa. Msomi."

"Na hawa wengine? Hamkuwaambia?"

"Tuliwaambia wote. Lakini nani anamfungia mtu utani? Ukimwambia mtani hujasema kitu." Alisugua magoti. "Haya. Umepata. Sasa utaandika, na wodi itakwenda ng'ambo, na wake zetu watazaa mtumbwini. Ndicho nilichokuwa nakihofia, na nimekileta mwenyewe kwa kidevu changu."

"Haiendi ng'ambo kama kuna mahali pakavu humu ndani."

Kimya. Timotheo aliwahi kupima ukimya wa namna nyingi, wa wasiojua, wa wasiosikia, wa wanaosubiri bosi aondoke. Huu ulikuwa wa watu arobaini wanaojua kitu kimoja na kila mmoja anatazama mwelekeo mwingine. Joachim alitazama mbingu kikazi. Apolonia alitazama kata. Wazee walitazama mitumbwi. Hakuna aliyetazama upande wa mji wa mwenyekiti, na kutotazama huko kulikuwa kumenyooka kama mshale.

Timotheo hakuuliza. Aliona akiuliza kwa daftari mkononi atapewa kifundo cha mguu kingine.

Nyamizi, aliyekuwa amefuata umati, ndiye aliyesema, kutoka nyuma ya nguzo yake, akimtazama Timotheo peke yake kana kwamba mlangoni hapakuwa na mtu.

"Mhehe, wewe kweli umekuja kutembea. Ndevu za watu umepima, tumbo la mbuzi umepima, kwato za ndama hujui hata zikoje. Mwaka juzi nilijifungua katikati ya ndama kumi na wawili. Mvua ilininyeshea mimi, ikamnyeshea huyu Mabula, lakini kwato zao zilikuwa kavu. Ng'ombe wana kwao, mtani. Sisi ndio tulikwenda kuomba pa kulala."

Watu walicheka, lakini mara hii kwa uangalifu, na wengi walikuwa wakimtazama mwenyekiti kwa pembe ya jicho. Ndama kumi na wawili walikuwa na mwenye nao. Zizi lilikuwa la mtu. Lilikuwa mahali alipolilia alipofika Usangu baada ya kuhamishwa mara ya pili na kusema, hapa mguu wangu hautoki tena. Mzee Maganga hakumgeukia Nyamizi, maana naye mwiko ulimfunga upande wake. Alimgeukia mtani.

"Umesikia huyo anavyokutukana?"

"Nimesikia, mzee."

"Utavumilia?"

"Nitaandika upande wa kushoto."

Maganga aliangalia mikono yake. Alikaa hivyo mpaka mbuzi akaanza kutafuna ncha ya kamba iliyoning'inia mfukoni mwake, akamnyang'anya.

"Ng'ombe mia moja na sitini nitawapeleka wapi?" alisema, si kwa mtu maalumu.

Apolonia, ambaye hakujua kunong'ona, alisema: "Zahanati itabaki tupu. Wapeleke kwa nesi."

"Wasivue viatu tu," alisema Faustina.

Hapo mwenyekiti alicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilimtoka kama kikohozi, lakini kilimtoka. Akasimama kwa kushika fremu ya mlango.

"Pima kwanza," alimwambia Timotheo. "Inawezekana naugua ugonjwa ambao sina. Labda kilima chenyewe ni kifupi kuliko ndevu. Macho ya Nyamizi..." alijisahihisha haraka, "macho ya watu si kipimo."

"Hilo ni kweli," alisema Timotheo. Aliheshimu sana mtu aliyesema hivyo.

Kutoka zahanati hadi zizini kulikuwa na mita mia tatu. Mpira ulikuwa mita ishirini. Maana yake vigingi kumi na tano, kila kimoja kipimwe kwenda na kipimwe kurudi. Joachim alichonga vigingi. Faustina alirudi kwa mgonjwa wake, aliyekuwa ameamka na kudai aelezwe. Ncha ya pili ya mpira, baada ya watu watatu kuishika na wote watatu kuimwaga, ilichukuliwa na Mzee Maganga mwenyewe.

Alikuwa mshikaji mzuri na mlalamishi mzuri zaidi.

"Shusha kidogo, mzee."

"Nimeshusha."

"Umepandisha."

"Mtani, nimeshika usukani wa trekta kabla baba yako hajamtongoza mama yako. Nimeshusha."

Kigingi cha kwanza kilipanda sentimita nne tu juu ya sakafu ya zahanati. Cha pili kilishuka, na Maganga akapumua kwa nguvu, na Timotheo hakuweza kujua kama alipumua kwa furaha au kwa huzuni, na akili yake ilimwambia kwamba mzee mwenyewe pia hajui. Cha tatu kikapanda. Cha nne. Rabson alipiga simu mara mbili. Timotheo alimwandikia ujumbe: *Si goti. Ni 1.52. Napima eneo mbadala.* Jibu likaja: *Mbadala gani?? Ramani imeshachorwa!* Akaweka simu mfukoni. Ramani huchorwa kwa penseli pia, aliwaza, na kama hii ilichorwa kwa wino, hilo nalo ni funzo.

Kufikia kigingi cha saba, mzee alikuwa ameacha kulalamika. Alisoma kimo mwenyewe kabla hajaulizwa, na alisoma sawasawa. Kwenye cha nane aliomba arudie, kwa sababu aliona maji yalikuwa bado yanacheza.

Kigingi cha tisa kilisoma sentimita tisini na nne. Mbele yao zilibaki mita mia na ishirini na vigingi sita, na ardhi ilionekana kuinuka zaidi karibu na boma la miiba. Ilionekana tu. Jua lilikuwa limegusa milima ya upande wa Mbeya, na ndani ya mpira mstari wa maji ulikuwa haukamatiki tena kwa jicho.

"Tumalizie," alisema Maganga. "Taa ninayo."

"Kwa taa nitakosea. Nikikosea sentimita moja hapa, kule juu zitakuwa sita."

"Zimebaki hamsini na nane tu kufikia ndevu."

"Hamsini na nane ni nyingi, mzee. Na zinaweza zisiwepo."

Mzee alitaka kujibu, lakini kengele ya ng'ombe ililia bondeni. Mifugo ilikuwa inarudi. Ng'ombe wa mbele, jike jekundu lenye pembe moja, alikwisha kushika njia yake ya kila siku, na njia yake ya kila siku ilipita juu ya kigingi cha tano, cha sita, na vyote vilivyofuata. Nyuma yake kulikuwa na mia na hamsini na tisa wenye mawazo kama yake.

Mzee Maganga aliuachia mpira. Alikimbia mteremkoni akiwa ameinua fimbo, akipiga kelele za Kisukuma ambazo Timotheo hakuzielewa ila kwa ukali wake, mtu wa miaka sabini na kitu akimkatiza ng'ombe wake mwenyewe asifike kwake mwenyewe. Jike jekundu lilisimama, likamshangaa. Akaligeuza kushoto. Kushoto palikuwa na bustani ya mchicha ya mke wake mdogo, iliyomwagiliwa asubuhi ile. Ng'ombe wote mia na sitini wakapita katikati ya mchicha, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na mke mdogo akatoka jikoni na mwiko, akaanza kusema.

Alisema kwa muda. Timotheo aliinama, akahesabu vigingi kutoka mahali alipokuwa. Tisa. Vyote vimesimama.

Maganga alipanda tena akihema, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Saa kumi na mbili," alisema. "Kabla hawajatoka zizini. Nitawafungia mpaka umalize, walie wasilie." Alitazama chini kwenye mchicha, akatazama mwiko, akaamua kubaki hapo juu kidogo. "Gari lako linakuja saa ngapi?"

"Saa saba."

"Litasubiri?"

"Litasubiri."

Timotheo alifungua daftari kwenye ukurasa mpya usio na mstari katikati. Aliandika tarehe, akaandika *Kigingi 9: 0.94*, akaandika chini yake *Kigingi 10*, na mbele ya hapo hakuandika kitu.